Chuo Kikihama Konferensi, Timu ya Besiboli Hupata Nini? Dhana Potofu na Ukweli

Mwaka 2024 ramani ya michezo ya vyuo vya Marekani ilipanguliwa. Tarehe 1 Julai, Texas na Oklahoma ziliingia konferensi ya SEC zikitokea Big 12. Mwezi uliofuata UCLA, USC, Oregon na Washington zikahamia Big Ten, Stanford na California (chuo cha Berkeley) zikaenda ACC, na Arizona, Arizona State na Utah zikaingia Big 12. Pac-12, konferensi iliyotawala pwani ya magharibi kwa miongo mingi, ikabaki na vyuo viwili tu.

Konferensi ni kundi la vyuo linaloendesha ligi yake, linalogawana mapato ya televisheni na kumpeleka bingwa wake kwenye mashindano ya taifa yanayosimamiwa na NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani. Uhamaji huu umezua maneno mengi kuhusu besiboli, na mengi hayasimami ukiyapima.

Dhana: Timu imehama kwa sababu imepanda daraja.

Anayefuata soka hulifikiria jambo hili haraka, kwa kuwa kwenye soka timu hupanda au kushuka kwa pointi. Kwenye vyuo vya Marekani hakuna kitu hicho. Chuo huhama kwa mkataba, na mkataba huo husukumwa na futiboli ya Kimarekani na haki za televisheni. Texas na Oklahoma zilikubali kuilipa Big 12 jumla ya dola milioni 100 ili ziondoke mapema, na hesabu hiyo haikupigwa kwa ajili ya besiboli.

Ushahidi ni vyuo vyenyewe. SMU iliingia ACC na Colorado ikaingia Big 12, wakati hakuna hata kimoja chenye timu ya besiboli. Big Ten ina vyuo 18, ila vinavyocheza besiboli ni 17, maana Wisconsin iliifuta timu yake mwaka 1991. Big 12 ina vyuo 16, na besiboli ipo kwa 14. SEC ndiyo pekee kati ya konferensi hizi kubwa ambayo wanachama wake wote 16 wanacheza.

Nao Coastal Carolina walitwaa ubingwa wa taifa tarehe 30 Juni 2016 wakiwa konferensi ya Big South. Kesho yake, 1 Julai, wakawa wanachama wa konferensi ya Sun Belt. Msomaji wa mbali angesema wamezawadiwa, lakini uhamisho ulikuwa umekubaliwa karibu mwaka mmoja kabla.

Dhana: Konferensi ngumu hupunguza nafasi ya kufika mashindano ya taifa, kwa sababu utafungwa zaidi.

Hapa ndipo watu wengi hukosea, hata wanaoujua mchezo vizuri. Mashindano huchukua timu 64. Mwaka 2025 nafasi 29 zilikwenda kwa mabingwa wa konferensi, na 35 zilijazwa na kamati. Kamati kwa miaka mingi imetazama kipimo kiitwacho RPI, na hesabu yake ni hii: robo ni asilimia ya ushindi wako, nusu ni ya wapinzani wako, na robo iliyobaki ni ya wapinzani wa wapinzani wako. Maana yake, robo tatu ya alama zako zinatokana na matokeo ya timu nyingine.

Chukua timu mbili za mfano. Ya kwanza imeshinda asilimia 70 ya michezo yake, wapinzani wake wanashinda 48, na wapinzani wa wapinzani 50. Hesabu: 0.175 + 0.240 + 0.125 = 0.540. Ya pili imeshinda asilimia 58 tu, ila wapinzani wake wanashinda 58 na wa nyuma yao 54. Hesabu: 0.145 + 0.290 + 0.135 = 0.570. Timu iliyofungwa mara nyingi zaidi inakaa juu, na inakaa juu kwa mbali.

Kuna na uzito wa uwanja. Katika ile robo ya kwanza, ushindi wa ugenini huhesabiwa 1.3 na wa nyumbani 0.7. Kufungwa nyumbani kunagharimu 1.3, na kufungwa ugenini 0.7.

Ndiyo maana Florida mwaka 2024 ilishinda michezo 13 na kufungwa 17 ndani ya SEC, ikaingia mashindano ikiwa na ushindi 28 na vipigo 27, na bado ikafika Omaha, Nebraska, mahali ambapo timu nane za mwisho hukutana. Mwaka 2025 SEC ilipeleka timu 13 kati ya 16.

Panapouma ni kwingine. Timu 16 bora hupewa uwenyeji wa raundi ya kwanza, na vipigo vya ligi ngumu vinaweza kukunyima hilo ingawa nafasi yenyewe umeipata. Pia mchezo wa katikati ya wiki dhidi ya jirani dhaifu hugeuka mzigo, kwani hata ukishinda unaweza kushuka RPI. Ukiona mchezo wa Jumanne umefutwa mwezi wa tano kukiwa na jua kali, tazama RPI ya mpinzani kabla ya kuamini maelezo mengine.

Dhana: Kikosi kilichokuwa bingwa kule kitatosha na huku.

Wapigaji wazuri huzoea. Tatizo ni mikono ya warushaji, wale wanaomrushia mpigaji mpira.

Ligi huchezwa wikendi, michezo mitatu dhidi ya timu moja, Ijumaa hadi Jumapili, kisha mchezo mmoja au miwili ya nje ya konferensi Jumanne na Jumatano. Mchezo una awamu tisa, na kila awamu huisha wapigaji watatu wakishatolewa. Kwa wikendi nzima hizo ni awamu 27 na wapigaji 81 wa kutoa.

Katika konferensi ya kiwango cha kati, mrushaji anayeanza Ijumaa hupata nafuu akifika kwa mpigaji wa nane na wa tisa. Anawatoa kwa mirusho michache. Akitumia mirusho 15 kwa awamu, mirusho 95 inamfikisha awamu ya saba. Kwenye SEC mpigaji wa tisa naye ni hatari. Hafukuzii mpira mbaya, anagusa mizuri ikatoka nje ya mistari, anakulazimisha urushe tena na tena. Mirusho ikipanda hadi 19 kwa awamu, mrushaji yuleyule anaishia awamu ya tano, hata kama hajafungwa hata mbio (pointi) moja.

Tofauti hiyo ni kama awamu moja na theluthi. Zidisha kwa warushaji watatu wa kuanza, zinakuwa awamu nne kila wikendi. SEC ina wikendi kumi za ligi, kwa hiyo msimu mzima ni awamu 40 za ziada ambazo mtu fulani lazima azirushe. Mtu huyo kwa kawaida ni mrushaji wa akiba wa nne au wa tano, mwenye mpira mmoja wa kasi na hana wa pili wa kuaminika.

Dalili huanza mwezi wa nne. Kocha anamtumia mmaliziaji wake, mrushaji wa kufunga mchezo, Ijumaa na Jumamosi kuokoa michezo, Jumapili hana mtu. Jumanne anawapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kasi ya mpira inapungua kidogo, mpira wa kupinda unachelewa kushuka na kubaki katikati ya eneo la kupiga, na viwiko vinaanza kuuma.

Makocha wanaojiandaa vizuri hawakimbilii nyota mmoja wa kuanza. Kwenye soko la uhamisho wa wachezaji hutafuta warushaji wa akiba wawili au watatu, mmoja wao wa mkono wa kushoto, na humtenga mtu mmoja anayeweza kula awamu tatu au nne mchezo unapoharibika mapema. Lakini nafasi ni finyu. Tangu msimu wa 2025–26, vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano ya kesi ya House, yaliyoruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, vina kikomo cha wachezaji 34, ingawa kile kikomo cha zamani cha ufadhili kamili wa masomo 11.7 kwa timu nzima kimeondolewa kwao. Ufadhili umefunguka, viti vimepungua. Kila mrushaji unayemwongeza anamtoa mtu.

Dhana: Safari ndefu ni uchovu tu, vijana watalala kwenye ndege.

Kutoka Los Angeles, nyumbani kwa UCLA, hadi New Jersey kwa Rutgers, chuo kingine cha Big Ten, ni takriban kilomita 3,900 na saa tatu za tofauti. Mchezo wa saa saba mchana huko mashariki unampata mchezaji wa UCLA mwili wake ukisema ni saa nne asubuhi. Timu huondoka Jumatano usiku au Alhamisi, inacheza siku tatu, inarudi Jumapili usiku, darasa ni Jumatatu na mchezo mwingine ni Jumanne.

Kanuni ya NCAA inaweka kikomo cha saa 20 za shughuli za michezo kwa wiki. Siku ya mchezo huhesabiwa saa tatu tu, hata ukidumu saa nne, na muda wa safari hauhesabiwi kabisa. Kwa hiyo kwenye karatasi wiki ya New Jersey inafanana na wiki ya kwenda kwa majirani zao USC kwa basi. Mwanafunzi anayeishi hiyo wiki anajua hazifanani, na hilo lilipaswa kuwasumbua zaidi waliosaini mikataba.

UCLA na Oregon hufuata mihula mitatu kwa mwaka badala ya miwili, na muhula wa mwisho humalizika katikati ya Juni. Vyuo vingi vya SEC vimeshafunga mwezi wa tano. Timu ya magharibi inapocheza raundi za mtoano, wachezaji wake bado wana mitihani.

Ndege nayo huingia uwanjani. Mchezo wa mwisho wa wikendi mara nyingi huwekewa saa ya ukomo, ambayo ikipita hakuna awamu mpya kuanza ili wageni wasiachwe na ndege. Ndiyo sababu utaona sare kwenye msimamo wa mchezo ambao kwa kawaida hauna sare. Halafu kuna baridi. Msimu huanza katikati ya Februari, na timu za kaskazini hutumia wiki za mwanzo zikicheza kusini. Timu ya jimbo la California iliyoingia Big Ten, kama UCLA, sasa inakwenda kaskazini mwezi wa tatu na wa nne. Mchezo ukiahirishwa kwa mvua au theluji, inachezwa miwili siku moja, na zile hesabu za mikono ya warushaji zinaharibika zote.

Dhana: Bila konferensi, timu imekwisha.

Oregon State, bingwa wa taifa wa 2006, 2007 na 2018 na kimojawapo cha vile vyuo viwili vilivyobaki Pac-12, ilicheza msimu wa 2025 bila konferensi ya besiboli. Haikuwa na ubingwa wa ligi wa kuwania, haikuwa na tiketi ya moja kwa moja, na ilibidi itafute wapinzani wa wikendi katika miezi ambayo karibu kila timu ina ratiba ya ligi yake. Ikasafiri sana. Kumbuka ule uzito wa 1.3: ushindi wa ugenini uliijenga. Ikapewa uwenyeji nyumbani kwake Corvallis, ikaiondoa Florida State hapohapo, ikaenda Omaha.

Mwaka huohuo UCLA ilifika Omaha ikiwa msimu wake wa kwanza Big Ten, na Arizona ikiwa wa kwanza Big 12. Timu tatu kati ya nane za mwisho zilikuwa zimetoka kwenye ile Pac-12 iliyovunjika.

Dhana: Timu ikishuka baada ya kuhama, kuhama ndiko kulikoiua.

Angalia miaka kwanza. Wichita State, bingwa wa 1989, ilihama konferensi ya Missouri Valley kwenda ile iitwayo American mwaka 2017. Lakini mara ya mwisho kuingia mashindano ya taifa ilikuwa 2013, miaka minne kabla ya kuhama. Kidonda kilikuwepo tayari.

Texas kwa upande wake ilitwaa SEC msimu wake wa kwanza, 2025, kwa ushindi 22 na vipigo 8. Kisha ikatolewa nyumbani Austin na UTSA, timu ya konferensi ya American. Na Murray State, iliyotoka Ohio Valley kwenda Missouri Valley mwaka 2022, ilifika Omaha 2025 ikianzia nafasi ya nne, yaani ya mwisho, katika kituo chake cha raundi ya kwanza.

Dhana: Pesa mpya za televisheni hutua besiboli.

Stanford na California ziliingia ACC zikikubali asilimia 30 tu ya mgao wa televisheni kwa miaka saba ya mwanzo, huku nauli za kuvuka bara zikianza mara moja. Mara nyingine konferensi mpya hudai matumizi kabla haijaleta faida. West Virginia ilipoingia Big 12 mwaka 2012 uwanja wake wa zamani haukutosha, ikalazimika kucheza baadhi ya michezo ya nyumbani Charleston, mbali na mji wake wa Morgantown, hadi uwanja mpya ulipofunguliwa 2015. Uwanja huo ulizaa matunda, ila polepole: uwenyeji wa raundi ya kwanza ulikuja 2019.

Dhana: Chuo kinachohama hufungiwa mashindano ya taifa kwa miaka kadhaa.

Hapa watu huchanganya konferensi na divisheni, yaani ngazi ambazo NCAA huvipanga vyuo. UC San Diego ilipoingia Big West mwaka 2020 ilikuwa inatoka Divisheni ya Pili kwenda ya Kwanza, ndiyo maana ilikaa kwenye kipindi cha mpito hadi 2024. Muda huo wa miaka minne NCAA imeupunguza kuwa mitatu mwaka 2025. Chuo ambacho tayari kiko Divisheni ya Kwanza hakina kungoja kwa namna hiyo: Texas iliingia SEC Julai 2024 na mwezi wa tano uliofuata ikapangwa mashindano ya taifa. Mchezaji naye hapotezi mwaka wowote wa kucheza kwa sababu chuo chake kimebadilisha konferensi.