Stima Ikipanda Lamu na Malindi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Huku radi ni chache, si kama Kisii."

Ni kweli Pwani haipigwi radi kama Kisii, lakini radi si adui pekee wa tivi yako. Umeme wa gridi huja Lamu kwa laini ya kilovolti 220 kutoka Rabai, kupitia Malindi na Garsen. Laini ikikatika, giza ni la wote. Ikirudi, mafriji, viyoyozi na pampu za visima hudai umeme kwa pamoja. Volti hushuka kisha hupanda. Kila mota inapozimwa nayo hutupa mruko wake mdogo (volti kupanda ghafla kwa muda mfupi mno) kwenye nyaya, hata ile iliyo ndani ya nyumba yako. Miruko hiyo haiui kifaa siku moja. Hukichosha, hadi siku kinapokufa na mwenye nyumba akalaumu fundi wa mwisho kukigusa.

"Breka ziko, nyumba imelindwa."

Breka hulinda waya usishike moto mzigo unapozidi au nyaya zinapogusana. Huchukua milisekunde kadhaa kukata, na mruko huwa umeshapita. Ile breka ya miliampea 30, inayokata umeme ukivuja, humlinda mtu asiuawe na umeme. Fyuzi ya ampea 13 ndani ya plagi ni ya kulinda waya wa kifaa, basi.

Mruko hukamatwa na kizuia mruko kinachofungwa ndani ya boksi la breka. Kwa nyumba ya kawaida tafuta cha Aina ya 2, chenye Uc (volti kinayovumilia muda wote) ya volti 275 au 320, In (mkondo wa mruko kinaoubeba mara kwa mara) ya kiloampea 20, Imax (mkondo wa juu kabisa kwa mruko mmoja) ya kiloampea 40, na Up (volti inayobaki kufika kwenye vifaa vyako) isiyozidi kilovolti 1.5. Ukishakinunua, kazi ndiyo inaanza. Waya wa kutoka laivu hadi kwenye kifaa, ukijumlisha na wa kutoka kifaa hadi kwenye athi (njia ya umeme kwenda ardhini), usizidi sentimita 50. Kila mita ya ziada inaweza kuongeza karibu kilovolti nzima juu ya ile Up, kwa hivyo fundi anayezungusha waya kwa madaha kufuata kona za boksi anakuharibia. Waya wa athi uwe wa shaba, milimita 6 za mraba kwenda juu.

Kifaa hicho kina kidirisha. Kwa aina nyingi, kijani maana yake ni kizima. Kikigeuka chekundu, katriji imekufa na lazima ibadilishwe. Taa za nyumba huendelea kuwaka kama kawaida, ndiyo maana katriji iliyokufa inaweza kukaa ukutani muda mrefu bila mtu kujua. Kitazame kila baada ya mvua za masika na za vuli.

"Ekstensheni yangu ina taa nyekundu."

Taa hiyo inakwambia stima ipo. Kama lebo haikutaja juli (nishati ya mruko inayoweza kumeza) wala Up, ulinunua soketi za ziada.

"Athi ipo, waya umefungwa kwenye bomba la maji."

Mabomba siku hizi ni ya plastiki. Hata pale fimbo ya athi, ile inayopigwa ardhini, ilipo, mchanga mkavu wa Shela au wa ufukweni Malindi haupitishi umeme vizuri. Fimbo ya mita 1.2 iliyosimama kwenye mchanga huo ni kama haipo. Tafuta mahali penye unyevu mwaka mzima, upige fimbo ya mita 1.5. Kipimo kikionyesha haitoshi, ongeza ya pili, umbali usiopungua urefu wa fimbo yenyewe, kisha uziunganishe. Fimbo ikigonga mwamba wa matumbawe, usiikate kwa msumeno ukaficha kipande kilichobaki. Sogea, au chimba mtaro ulaze ukanda wa shaba. Anayejenga kinga ya radi hulenga ohmu 10 au chini, na hilo hujulikana kwa kipimo cha athi tu.

Wapo wanaomwaga chumvi kwenye shimo. Kipimo hushuka kweli, ila mvua huikokota chumvi, nayo ile inayobaki hula klipu inayoshika waya kwenye fimbo. Funua klipu uitazame: ukikuta unga wa kijani kati ya waya na fimbo, kwangua hadi shaba ing'ae, kaza upya, paka grisi.

Fimbo ya dishi iliyopigwa peke yake nayo ni hatari. Iunganishwe na athi ya nyumba, la sivyo radi ikipiga karibu, umeme utapita ndani ya dekoda kutoka athi moja kwenda nyingine.

"Nina stabilaiza, stima ikipanda haitanipata."

Hapa ndipo vifaa vya nyumba nzima huungua kwa mara moja. Nyutro ya mtaani (waya wa kurudisha umeme) ikiachia, mara nyingi kwenye kiungo cha alumini na shaba kilicholiwa na hewa ya chumvi, nyumba zilizo kwenye fezi tofauti (nyaya za laivu za mtaani) huanza kugawana volti 415. Fezi yenye mzigo mwingi hufifia, yenye mzigo mdogo hupanda kuelekea 300 na zaidi. Stabilaiza nyingi huungua kabla ya friji. Kizuia mruko nacho kimeundwa kwa mruko wa mikrosekunde. Volti ikikaa juu, hupikika.

Dawa ni rilei ya volti kwenye boksi, swichi inayokata yenyewe volti ikizidi au ikipungua, ifungwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi na mafuta. Iweke ikate juu ya volti 260 na chini ya 190, na ingoje dakika 3 hadi 5 kabla ya kurudisha, ili presha ya gesi ya friji itulie kwanza.

Kama huna, angalia balbu. Zikiwaka kupita kiasi huku za jirani zikififia, zima swichi kuu kabla ya kuchomoa chochote, piga 97771 ya Kenya Power, wala usiguse sili ya mita.