Wasia wa mume na mke wasio na watoto

Wasia ni tamko la mtu aliye hai kuhusu mali yake, litakaloanza kufanya kazi atakapofariki. Maadamu yuhai na ana akili zake, anaweza kulibadilisha au kulifuta. Kwa Waislamu wa Unguja na Pemba, ambao mirathi yao huamuliwa kwa sharia, wasia una mipaka miwili. Hauzidi thuluthi ya mali iliyobaki baada ya mazishi na madeni, wala haupewi mrithi, ila warithi wenziwe wakiridhia baada ya kifo.

Mke ni mrithi, na mume ni mrithi. Kwa hiyo karatasi iliyoandikwa "nyumba yangu namuachia mke wangu" haina nguvu mpaka warithi wengine wa mume wakubali, na siku hiyo ikifika si wote wanaokubali.

Marehemu akiwa hana mtoto, mke hupata robo na mume hupata nusu. Anayeangaliwa hapa ni marehemu, si ndoa: mume mwenye mtoto kwa mke wa zamani akifa, fungu la mkewe hushuka hadi thumuni, yaani moja ya nane.

Tuseme mume ameacha mke, mama, kaka wawili na dada watatu wa baba na mama mmoja. Baba yake hayupo. Mazishi na madeni yameshalipwa, zimebaki shilingi 36,000,000. Kikomo cha wasia ni thuluthi, yaani 12,000,000; tuseme umefika hapo. Katika 24,000,000 zilizobaki, mke huchukua 6,000,000 na mama sudusi (moja ya sita), yaani 4,000,000. Nduguze hugawana 14,000,000: kila kaka 4,000,000, kila dada 2,000,000. Kwa fedha hesabu ni nyepesi. Mali ikiwa ni nyumba moja, mjane mwenye robo huweza kukuta nyumba inauzwa ili kila mtu apate chake.

Dawa ya kwanza ni kujua kipi cha nani. Nyumba iliyojengwa kwa fedha za wote wawili, hati ikawa na jina la mume peke yake, mbele ya kadhi huonekana ya mume mpaka mke athibitishe. Majina mawili kwenye hati, na risiti za saruji na mabati zikiwekwa, huifanya nusu ya mke isiingie kwenye mirathi kabisa. Pemba mikarafuu huweza kuwa ya mtu mmoja na ardhi ya mwengine, basi orodha ya mali iitaje miti mbali na kiwanja. Mahari ambayo hayajalipwa nayo ni deni. Hutolewa kabla ya wasia na kabla ya mafungu.

Ya pili ni hiba, zawadi ya uhai, ambayo haina kikomo cha thuluthi na mrithi hupewa. Inataka kauli ya mtoaji, kupokea kwa mpewa, na kukabidhi. Hiba nyingi huanguka hapo pa kukabidhi: mume alitamka, lakini hati ilibaki kwake, kodi ya vyumba aliendelea kupokea mwenyewe, na vitu vyake havikutoka. Ikitolewa katika maradhi ya mauti, huhesabiwa kama wasia, na kizuizi cha mrithi kinarudi.

Thuluthi basi ni ya nani? Mara nyingi ni ya mtoto wa kulea. Kulelewa peke yake hakumfanyi mrithi, hata akiitwa jina la mlezi. Mpwa wa mke aliyekulia ndani ya nyumba hana fungu kwa mume, hivyo bila ya wasia hutoka mikono mitupu. Andikeni jina lake kamili na kiasi, mbele ya mashahidi wawili waadilifu wasiofaidika na wasia huo.

Kila mmoja aandike wake, si karatasi moja ya wawili. Wakifa pamoja, kama chombo kikizama, na isijulikane nani alitangulia, hawarithiani: mali ya mume huenda kwa jamaa zake, ya mke kwa jamaa zake.