Mwanzo na Msuko wa Riwaya: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Waandishi chipukizi wengi huamini kwamba riwaya huanza pale maisha ya mhusika yanapoanza, na hivyo hujaza kurasa za mwanzo kwa kuzaliwa kwake, ukoo wake na shule aliyosoma, kabla jambo lolote halijatukia. Ukweli ni kwamba riwaya huanza pale maisha hayo yanapotikisika: barua imefika, au shamba limeuzwa bila mwenyewe kujua. Utoto na ukoo vitapata nafasi baadaye kwa kisengerenyuma, yaani kurudi nyuma katika masimulizi, msomaji atakapokuwa na sababu ya kutaka kuvijua. Wengine husingizia ngano zetu, lakini hata fanani, yaani msimulizi wa ngano, anayeanza na "hapo zamani za kale" hakawii; sentensi chache tu, na tayari binti amekatazwa kufungua chumba cha saba.

Wapo pia wanaodhani kwamba mwanzo mzuri sharti uwe na maiti au milio ya risasi. Swali dogo kuhusu mtu tuliyeanza kumjali hutosha.

Dhana inayoharibu miswada mingi zaidi ni ile ya kuuona msuko, yaani jinsi matukio ya riwaya yanavyounganishwa, kama orodha ya matukio yanayofuatana. Mwaka 1927 mwandishi Mwingereza E. M. Forster alieleza kwamba mfalme kufa na kisha malkia kufa ni hadithi, ilhali malkia akifa kwa huzuni ya kufiwa na mfalme, huo ni msuko. Neno letu lenyewe, linalotokana na kusuka, linafundisha hivyo hivyo, kwa kuwa katika ukili, ule ukanda uliosukwa wa kushonea mkeka, kila mwaa, yaani ukuti wa kusukia, hupita juu ya mwingine na chini ya mwingine, na ukiuchomoa mmoja, ukili hulegea. Chukua mzee anayeuza mashua, mwanawe anayehamia mjini, na kifo cha baharini: hayo ni matukio matatu tu. Lakini mzee akiuza mashua ili alipe deni, kijana akalazimika kutafuta kazi bandarini kwa sababu mashua haipo, na kwa kuwa yuko mbali asiwepo siku baba anapozama na ngalawa ya kuazima, hapo hakuna tukio linaloweza kuondolewa.

Hudhaniwa vilevile kwamba kila riwaya lazima ipande hadi kileleni kisha ishuke. Mchoro huo ulienezwa na Mjerumani Gustav Freytag mwaka 1863, naye alikuwa akichambua tamthilia. Mwandishi Mtanzania Euphrase Kezilahabi, katika riwaya yake Nagona ya mwaka 1990, aliuacha kabisa msuko wa moja kwa moja.

Mwisho, si lazima sura ya kwanza ikamilike ndipo ya pili iandikwe. Mimi humshauri anayeanza aandike mwanzo wa muda, afike mwisho, kisha arudi kuuandika upya, kwa maana wakati huo ndipo anapojua ni mlango upi unaoingia katika nyumba aliyoijenga.