Mdomo mwepesi haumtoshi mtangazaji wa mpira

Kila ligi ikianza, mabarazani hapa Mombasa hoja ni ile ile: mtangazaji hodari wa mpira ni yule mwenye mdomo mwepesi, na aliyeiweza redio ameiweza na televisheni. Yote mawili si kweli, na yanawaharibu vijana wenye sauti nzuri.

Msikilizaji wa redio kwanza anataka kujua mpira uko wapi. BBC waliliona hilo mapema. Januari 1927, mtangazaji wao Teddy Wakelam alipotangaza raga ya England na Wales pale Twickenham, aliwekewa mtu asiyeona karibu na kibanda chake ili amsimulie yeye. Wiki iliyofuata, tarehe 22, akatangaza Arsenal na Sheffield United uwanjani Highbury. Jarida la Radio Times lilichapisha mchoro wa uwanja uliogawanywa vyumba 8. Wakelam akisimulia, sauti ya pili ilitaja namba ya chumba ulimo mpira.

Vyumba vimekwisha, kazi imebaki. Msikilize huyu: "Anakwenda, anakwenda, chenga, looo!" Nani? Wapi? Goli gani? Sasa huyu: "Bandari wanatoka kushoto kwenda kulia. Namba 7 yuko wingi ya kulia, hatua 10 toka bendera ya kona, beki mmoja mbele yake." Timu, upande, mahali, mchezaji, ndipo tendo. Kasi ipande mpira ukiingia ndani ya 18, lile boksi la mbele ya goli. Ukiwa katikati, ishushe. Anayepayuka tangu dakika ya 1 hana pa kupanda goli likija. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown hapa hapa Mombasa, alikuonyesha mchezo kwanza, mbwembwe baadaye.

Wala hupayuki ili kuwashinda mashabiki. Maiki ya mdomoni hushikwa ikigusa mdomo wa juu. Inanasa sauti ya karibu na kupunguza makelele ya mbali. Ukiitenga kidogo tu, sauti inakonda na kuzama.

Kutotaja matokeo ndiko kunakoniudhi zaidi. Red Barber, mtangazaji wa besiboli redioni Marekani, aliweka mbele yake saa ya mchanga ya dakika 3, ile ya kuchemshia mayai. Mchanga ukiisha anataja matokeo, anaigeuza. Abiria aliyepanda matatu sasa hivi na kuikuta redio ikitangaza hajui ni ngapi kwa ngapi. Wapo wanaopitisha dakika 10 bila kutaja, na hakuna udhuru wa hilo.

Televisheni ni kazi nyingine. Barber huyo huyo, tarehe 26 Agosti 1939 pale uwanja wa Ebbets Field, New York, alitangaza mechi ya kwanza ya ligi kuu ya besiboli kuonyeshwa kwenye televisheni. Kamera zilikuwa 2 na hakuwa na skrini. Ilibidi akisie ipi iko hewani. Leo skrini ipo, basi itazame: usisimulie asichokiona mtazamaji, na alichokiona usimrudishie. "Anapiga krosi" ni kupoteza pumzi. Taja jina, eleza kwa nini beki kachelewa, nyamaza.

Hapo kwenye kunyamaza ndipo nina shaka. Kanuni hiyo inamfaa mtu aliyekaa sebuleni kwake. Kwenye mkahawa wa mtaani Majengo uliojaa pomoni, aliyesimama nyuma anachungulia juu ya mabega ya watu: goli anaona, aliyelifunga hamjui. Kwa huyo, mimi ningemruhusu mtangazaji wa televisheni ataje jina na upande kila mpira unaporushwa, hata kama wa mbele watalalamika.