Je, merikebu za Wagiriki wa kale ziliweza kupiga bisho, yaani kwenda kinyume cha upepo?

Picha za merikebu za Ugiriki ya kale huonyesha tanga moja la mraba lililoning'inia kwenye foromali, boriti inayoshika tanga kwa juu, na wengi wakiliona huhitimisha kwamba chombo hicho kilikwenda pale tu upepo ulipotoka tezi, yaani nyuma ya chombo. Maelezo haya yamerudiwa kwa muda mrefu: upepo ukigeuka, nahodha hutia nanga au watu hushika makasia, na kupiga bisho kulingojea tanga la pembetatu.

Hesabu hiyo haikubali. Katika Bahari ya Aegean pepo za kiangazi, ambacho ndicho kilikuwa msimu wa safari, huvuma hasa kutoka kaskazini. Aliyeshuka kusini na mzigo kwa upepo wa nyuma ilimlazimu kurudi nyumbani akiwa ameukabili. Makasia nayo yalikuwa nguvu ya manowari, zilizojaa wapiga makasia. Merikebu ya biashara ilikuwa na mabaharia wachache na tani nyingi za shehena. Kuivuta kwa mikono siku baada ya siku hakuwezekani.

Jibu lilipatikana baharini. Mwaka 1965 mzamiaji Andreas Cariolou aliona rundo la mitungi karibu na mji wa Kyrenia, Kipro, kwenye kina cha mita 30 hivi. Chini yake palikuwa na merikebu ya mizigo yenye urefu wa mita 14 hivi, iliyozama yapata miaka 2,300 iliyopita. Mfano wake, Kyrenia II, uliundwa Perama, karibu na Piraeus, kwa utaratibu wa kale: mbao za ubavu zikaunganishwa kwanza kwa ndimi za mbao, mataruma, yaani mbavu za chombo, yakafuata. Ulishushwa majini 1985, ukasafiri hadi Kipro 1986 na kurudi 1987. Tanga likiwa lile lile la mraba, ulimudu kwenda kwa pembe ya nyuzi 50 hadi 60 kutoka upepo unakotokea. Ni mwendo wa kwenda upogo, mara kulia mara kushoto, lakini ni kupiga bisho.

Uwezo huo ulitokana na kamba. Katika mabaki ya Kyrenia zilipatikana pete za madini ya risasi, zaidi ya mia moja. Pete kama hizo zilishonwa usoni mwa tanga kwa mistari ya wima. Kamba zilipanda kutoka ncha ya chini, zikapita ndani yake, zikavuka foromali na kushuka tezi. Baharia angeweza kukunja upande mmoja wa tanga na kuacha mwingine wazi, hata mraba ukawa karibu pembetatu.

Kwa nini hilo lisaidie? Fikiria mlango. Ukiusukuma karibu na bawaba hausogei. Ukiusukuma ukingoni unazunguka mara moja. Chombo nacho huzunguka penye kitovu chake majini. Upepo wa ubavuni ukibana sehemu ya tanga iliyo nyuma ya kitovu hicho, tezi husukumwa, omo, yaani sehemu ya mbele, hugeukia upepo, na usukani hauwezi kuzuia mgeuko huo. Kunja sehemu ya nyuma, msukumo unahamia mbele, na usukani unatosha kushika njia. La kupendeza ni kwamba maandishi ya Kigiriki kuhusu mekanika, yaliyohifadhiwa kwa jina la Aristotle ingawa huenda ni ya mfuasi wake, yanauliza swali hili hili: kwa nini mabaharia hukunja tanga upande wa mshika usukani na kulegeza upande wa omo?

Tahadhari inahitajika. Mlingoti na tanga la Kyrenia havikubaki, kwa hiyo vya mfano huo vilibuniwa kutokana na pete, michoro na kikalio cha mlingoti. Tena, kuweza kupiga bisho si kusema kulilipa. Chombo cha tumbo pana husogezwa pembeni na upepo huku kikijaribu kwenda mbele, na kungoja bandarini mara nyingi kulikuwa nafuu. Hata karne kadhaa baada ya merikebu ya Kyrenia, chombo kilichombeba Paulo kutoka Sidoni, katika Matendo ya Mitume sura ya 27, kilipita upande wa Kipro uliokingwa na upepo kwa sababu pepo zilikuwa za mbele.