Je, wajua? Kipimajoto cha kiwandani hakigusi maziwa kinayoyapima

Kwenye mabomba ya viwanda vya maziwa, bia na soda utaona vichwa vidogo vya chuma vimechomoza, kila kimoja na waya wake. Siku moja, kwenye kiwanda kimoja hapa Mwanza, nilimwona fundi akifungua kichwa cha namna hiyo na kuchomoa kijiti chembamba cha kupimia joto. Maziwa yaliendelea kupita bombani, wala halikudondoka tone.

Siri ni ala. Mafundi huiita themoweli: mrija wa chuma cha pua, umeziba mwisho kama ala ya kisu, umepenya ukuta wa bomba. Maziwa huigusa ala, kijiti hukaa ndani yake kikavu. Kikiharibika, kinabadilishwa bila kusimamisha kazi.

Tatizo ni kuchelewa. Joto lipite kwanza kwenye chuma, kisha kwenye hewa iliyobaki kati ya ala na kijiti, na hewa hupitisha joto kwa shida. Maziwa mara nyingi huuliwa vijidudu kwa nyuzijoto 72 za Selsiasi kwa sekunde 15 tu. Yakipoa chini ya hapo, valvu inatakiwa kuyarudisha yakapashwe upya. Kipimajoto kizito kikishtuka, yasiyoiva yameshapita! Kwa hiyo ala iwe nyembamba kadiri inavyowezekana, na ncha ya kijiti igote hadi mwisho wake.

Lakini nyembamba mno nayo ni hatari, maana mkondo huitikisa kama tete lililosimama kwenye maji yaendayo kasi. Desemba 1995, katika kinu cha nyuklia cha Monju, Japani, ala ilivunjika kwa mtikisiko huo. Sodiamu ya moto, metali iliyoyeyuka inayobeba joto kinuni humo, ikavuja na kuwaka.

Kijiti chenyewe kwa kawaida kina platinamu, ambayo huzidi kuuzuia umeme kadiri inavyopata joto: omu (kipimo cha uzuiaji huo) 100 kwenye barafu inayoyeyuka, omu 138.5 kwenye nyuzi 100. Hapa kwetu kuna mtego. Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji ya Mwanza huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Niliwahi kuona kijiti kikitupwa kwa sababu kwenye sufuria inayotokota kilisoma omu 137 badala ya 138.5. Kilikuwa kizima kabisa.