Rimoti haijafa: dhana potofu kuhusu king'amuzi na hom thieta

Hom thieta ikishaingia sebuleni, lawama ya kwanza huangukia rimoti ya king'amuzi. Jana ilikuwa inafanya kazi, leo unabonyeza mpaka kidole kinauma na chaneli haibadiliki. Mmoja anaipiga kiganjani, mwingine anazungusha betri, mwisho mtoto anatumwa dukani akanunue nyingine. Naandika haya kwa sababu nimeona nyumba nyingi zikitoa hela ya rimoti mpya wakati ya zamani ni nzima kabisa, na mpya nayo ikifika inagoma vilevile.

"Kitaa kinawaka, kwa hiyo rimoti ni nzima"

Kile kitaa chekundu juu ya rimoti kinakuonyesha tu kwamba kitufe kimebonyezwa. Mwanga unaofanya kazi unatoka kwenye pua ya rimoti, nao ni infraredi, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 940 hivi. Jicho la binadamu haliuoni. Betri zikichoka, kitaa kinaweza kuendelea kuwaka huku mwanga wa mbele hauna nguvu ya kuvuka hata zulia. Na rimoti nyingi hazina kitaa chochote, kwa hiyo usizihukumu kwa giza lake.

Kipimo unacho mfukoni. Fungua kamera ya simu, elekeza pua ya rimoti kwenye lenzi, bonyeza kitufe huku ukitazama kioo cha simu. Utaona nukta nyeupe yenye rangi ya zambarau ikipepesa. Kamera za nyuma za simu nyingi huchuja mwanga huu, kwa hiyo tumia ya selfi, na kwanza ijaribu simu yenyewe kwa rimoti nyingine unayojua ni nzima. Nukta ikipepesa, rimoti inaongea. Sasa mtafute asiyesikia.

Angalizo moja: ving'amuzi vya kisasa vyenye rimoti ya kuamrisha kwa sauti mara nyingi hutumia Bluetooth. Hizo zinaweza zisionyeshe nukta yoyote na bado ziko sawa. Zikigoma baada ya kubadilisha betri, mara nyingi zinataka kuunganishwa upya na king'amuzi kupitia menyu.

"Spika za hom thieta zinavuruga mawimbi ya rimoti"

Hii nimeisikia kwa mama mdogo. "Mwanangu, tangu hizi spika zije, rimoti haitaki kunisikia kabisa." Nikamjibu ngoja tuone. Nukta kwenye simu ilipepesa vizuri. Nikachuchumaa mbele ya kabati la TV, usawa wa king'amuzi, nikakuta spika ndefu ya katikati imelazwa mbele yake, imefunika nusu yake ya kulia. Pale kulia ndipo penye jicho, kile kidoa cheusi kinachong'aa kidogo kama kokwa la mpapai. Nikaisogeza spika upana wa vidole vitatu. Mama mdogo akabonyeza akiwa amekaa palepale kwenye kochi, taarifa ya habari ikaja.

Sauti ya spika haizuii mwanga. Kinachozuia ni mwili wa spika, na spika zile ndefu za kulaza chini ya TV ndizo zenye kosa hili zaidi, kwa sababu hukaa sawasawa mbele ya jicho la TV au la king'amuzi. Mlango wa kabati nao uangalie: kioo cheupe hupitisha mwanga wa rimoti, mbao haipitishi, na kioo cheusi kinaweza kuupunguza.

Jua nalo ni mvurugaji wa kweli. Lina infraredi nyingi, na likiingia dirishani likapiga moja kwa moja kwenye jicho la king'amuzi, linalifunika kama tochi usoni. Tatizo hili ni la zamani kuliko wengi wetu. Mwaka 1955 Eugene Polley wa kampuni ya Zenith, Marekani, alitengeneza rimoti ya kwanza ya TV isiyo na waya, ikitumia mwanga wa kawaida, na jua la dirishani lilikuwa linabadilisha chaneli lenyewe. Ikiwa rimoti yako hugoma saa kumi jioni tu, funga pazia kwanza.

Kuna jambo jingine watu hawalifikirii. Rimoti ya hom thieta iliyokaliwa kwenye kochi, kitufe kimebanwa, inaweza kutuma mwanga mfululizo. Mwanga ule ukifika kwenye jicho la king'amuzi, rimoti zote nyingine zinaonekana zimekufa. Inua mito ya kochi kabla hujamwita fundi.

"Betri zianike juani, zitarudi"

Joto huichangamsha kemia ya betri kwa muda mfupi, ndiyo maana inaonekana kama imefufuka. Haijachajiwa. Kuzing'ata ni hatari kabisa: ganda likipasuka, kinachovuja kinakula spiringi za rimoti. Usichanganye ya zamani na mpya. Na ukitumia betri za kuchaji, kumbuka nyingi ni volti 1.2 kila moja badala ya 1.5, kwa hiyo mbili zinatoa 2.4 mahali pa 3; rimoti nyingine zinavumilia, nyingine zinapungua umbali.

"Naongeza sauti haipandi, kitufe kimeharibika"

Hapa ndipo penye ugomvi mkubwa majumbani, na kitufe hakina kosa. Ukiwa na hom thieta, sebule ina sauti tatu: ya king'amuzi, ya TV na ya hom thieta. Kila moja ina mwenyewe.

King'amuzi kikitoa sauti ya Dolby Digital, yaani sauti iliyobanwa, kupitia HDMI, waya unaobeba picha na sauti pamoja, kwa ving'amuzi vingi kitufe chake cha sauti hakibadilishi kitu, maana sauti inapita ikiwa imefungwa kama kifurushi na hom thieta ndiyo inayokifungua. Waya wa optiko, ule unaopitisha sauti kwa mwanga, kutoka kwenye TV mara nyingi nao hutoa sauti ya kiwango kimoja, hata rimoti ya TV haiigusi. Ukitaka rimoti ya TV iongoze hom thieta, tumia HDMI ARC, njia ya kurudisha sauti ya TV kwenye hom thieta, iliyokuja na HDMI 1.4 mwaka 2009. Waya wa hom thieta lazima uingie kwenye tundu la TV lililoandikwa ARC, si lolote tu, na kwenye menyu ya TV uwashe CEC, mfumo unaoruhusu vifaa kuamrishana kupitia waya wa HDMI. Jina hilo hulioni kila mara: Samsung wanaiita Anynet+, LG Simplink, Sony Bravia Sync.

Bila ARC, ninachowashauri watu ni hiki: pandisha sauti ya king'amuzi karibu na mwisho, zima spika za TV, kisha tumia rimoti ya hom thieta peke yake.

Ndugu wa tatizo hili ni chaneli moja kuwa na sauti na nyingine kimya, na watu kukimbilia kumpandisha fundi kwenye dishi. Picha ikiwa safi, dishi liache. Huenda chaneli ile inarusha Dolby na hom thieta yako haiwezi kuifungua. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya king'amuzi, chagua PCM, yaani sauti isiyofungwa kama kifurushi.

"Rimoti moja inawasha vitu viwili, imechanganyikiwa"

Vifaa vingi vya bei nafuu vinatumia misimbo inayofanana, kwa hiyo kitufe kimoja kinaweza kueleweka na vyote viwili. Au ni CEC inayowashana kupitia waya. Ziba jicho la hom thieta kwa kiganja, bonyeza tena. Ikitulia, ni misimbo. Ikiendelea, kazime CEC. Na kama rimoti ya king'amuzi inaendesha TV badala ya king'amuzi, tazama kama ina kitufe cha kuchagua kifaa. Mtoto akikigusa, rimoti nzima inahamia kwenye TV.

"Vitufe vigumu, hii ya kutupa"

Fungua ganda taratibu. Chini ya raba kuna vidoa vyeusi vinavyogusa bodi, na kinachovizuia mara nyingi ni mafuta ya vidole na vumbi. Pamba yenye spiriti kidogo inatosha, kwenye raba na kwenye bodi. Msasa usiuguse, unaondoa kile cheusi chenyewe kinachopitisha umeme. Acha ikauke dakika chache, rudisha betri, kisha ufungue tena kamera ya simu na ubonyeze kile kitufe kilichokuwa kimegoma.